Itifaki Imezingatiwa, Kazi Je?

Hivi, ukiondoa salamu kwenye hotuba za viongozi wetu, kinabaki nini?

Siulizi kwa utani. Mimi ni mwandishi wa habari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai nikimsubiri mgeni rasmi. Akifika, anasimama mtu wa kwanza kumtaja kwa vyeo vyake vyote, kisha anateremka kwa waheshimiwa wabunge, waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, viongozi wa dini na wazee maarufu. Wa pili naye anaanza upya. Wa tatu, akiona jua limekuwa kali, anasema "itifaki imezingatiwa" na watu wanampigia makofi kwa kuwahurumia. Kile kilichotuleta pale, kiwe kisima au zahanati, mara nyingi kinaambulia dakika tano za mwisho.

Na kesho yake simu inalia chumba cha habari. Anayepiga haulizi kama habari ilikuwa ya kweli. Anauliza kwa nini "Dk." haikuwekwa mbele ya jina la bosi wake. Sijawahi, narudia, sijawahi kupokea simu ya mtu anayelalamika kwamba tumesahau kuwakumbusha wasomaji ahadi aliyoitoa mwaka jana.

Ndugu zangu, tumepotelea wapi?

Tuanze na lugha yetu wenyewe, maana Kiswahili kina busara kuliko sisi tunaokizungumza. Mkulima ni nani? Ni anayelima. Mfinyanzi anafinyanga, mvuvi anavua, mwandishi anaandika. Kiongozi naye anaongoza. Majina hayo yametokana na vitendo. Ukiacha kulima miaka kumi, watu wataanza kukuuliza unafanya nini siku hizi. Sasa tazama neno "mheshimiwa". Hilo ni la kutendwa. Mheshimiwa ni anayeheshimiwa, na wenye kutenda ni wengine, yaani mimi na wewe. Sasa mtu anawezaje kuidai heshima hiyo kama anavyodai posho? Enzi za chama kimoja tuliitana Ndugu, kuanzia kwa balozi wa nyumba kumi hadi juu kabisa. Leo ukimwita diwani "ndugu", unaweza kuonekana huna adabu.

Kama kuna mtu anaamini vyeo vinamfanya mtu, aende akamuulize Idi Amin. Yule bwana alijiita Rais wa Maisha, Jemadari Mkuu, Alhaji, Daktari, Bwana wa wanyama wote wa nchi kavu na samaki wote wa baharini, na Mshindi wa Dola ya Uingereza katika Afrika kwa ujumla na Uganda hasa. Udaktari wenyewe hakuusomea. Kifuani alibeba nishani mpaka koti likalemewa. Mwaka 1972 aliwafukuza Waasia na kuuvuruga uchumi wa nchi yake. Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na "Rais wa Maisha" akatimka. Alifia uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Samaki wa baharini hawakumsaidia.

Na nani alikuwa amiri jeshi mkuu wa jeshi lililomng'oa? Mtu aliyeitwa Mwalimu. Nyerere alikuwa na shahada ya M.A. ya Edinburgh ya mwaka 1952, na baadaye vyuo vingi vilimpa udaktari wa heshima. Angetaka, angetuchosha kwa orodha. Badala yake alibaki na jina la kazi aliyoifanya Pugu mpaka alipoiacha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Tena Januari 1962, hata miezi miwili haijaisha tangu uhuru, aliuacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Ni nani leo anaacha hata uenyekiti wa kamati?

Najua kuna watakaosema namtukuza. Hapana. Mizani hii inapima pande zote. Kama tunampima Amin kwa matendo, hata Mwalimu lazima apande juu yake. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani ilipitishwa mwaka 1962, na katikati ya miaka ya sabini kuna wananchi waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Jina zuri la "Mwalimu" halifuti hayo, kama ambavyo hayo hayafuti mema yake. Yote ni matendo, na yote yanahesabiwa.

Wapo pia wenzangu wa chuo watakaoniuliza: kwa hiyo elimu haina maana? Watu wamekesha maktaba miaka mingi, leo uwaambie Dk. si kitu?

Naomba nieleweke. Nikiumwa nataka daktari aliyesomea udaktari. Daraja nataka lijengwe na mhandisi, siyo na mpwa wa mkurugenzi. Lakini cheti ni ahadi kwamba kazi fulani unaiweza. Ahadi inalipwa kwa kazi, haiwekwi kwenye fremu ukutani ikaishia hapo. Tulipoanza kuabudu karatasi, watu walifanya nini? Walizitengeneza! Uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu wanaghushi kile ambacho jamii inakithamini.

Mtazameni Wangari Maathai. Udaktari wake wa mwaka 1971 ulikuwa wa halali, na alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuupata. Angeweza kukaa ofisini akisubiri kusalimiwa. Alianza kupanda miti mwaka 1977 pamoja na kina mama wa vijijini ambao hawakuwa na shahada yoyote. Mwaka 1989 alisimama kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, wakati wabunge, waheshimiwa watupu, wakimkejeli bungeni. Jengo halikujengwa. Bustani ipo. Mwaka 2004 alipata Nobeli ya Amani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na sisi vijana tusijione wasafi. Vyeo vya siku hizi havitoki serikalini tu. Kuna "mzalendo", "mwanaharakati", "mcha Mungu", "mtoto wa mkulima", "kijana mwenzenu". Hizi nazo ni nishani za kifuani. Mtoto wa mkulima anaingia madarakani, mbolea inachelewa kumfikia mkulima yule yule, na bado tunamtetea kwa sababu ni "wa kwetu". Kijana mwenzetu anakula rushwa, tunasema anaandamwa kwa ujana wake. Mwizi wa dini yako ni mwizi. Mwizi wa kabila lako, wa chama chako na wa rika lako ni mwizi vilevile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pendekezo langu ni dogo. Anayekuja kuomba kura mwakani au mwaka wowote, usimuulize yeye ni nani. Muulize amefanya nini, wapi, lini, na nani alimwona. Akianza na majina ya baba yake, shahada zake na kabila lake, mwambie kwa heshima zote kwamba itifaki imezingatiwa. Sasa atuonyeshe kisima. Na kama kinatoa maji, hakuna atakayehitaji kulazimishwa kumwita mheshimiwa.