Maradhi ya Samaki si Shauri la Samaki Peke Yao

Wako watu wasemao kwamba maradhi ya samaki ni shauri la wafugaji na waganga wa wanyama; mwanafunzi akaaye Huruma, mbali na ziwa na bahari, hana haja ya kuyajua. Neno hili ni la uvivu, nami nalikataa.

Pita jioni katika njia za Huruma, uyatazame makarai ya mafuta. Ngege akaangwaye pale huenda alilelewa kizimbani katika Ziwa Victoria, ubavu kwa ubavu na maelfu ya wenzake. Wazee waliposema samaki mmoja akioza wote wameoza, walikusudia tabia za watu. Lakini kizimbani, virusi vikiingia, methali hiyo huwa kweli tupu.

Usidhani natisha watu bure. Mwaka 2007 virusi viliwaua trauti waliofugwa katika maji ya bahari huko Norwei. Mwaka huo huo virusi vingine viliingia katika ufugaji wa samoni wa Chile, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Sisi je, tu salama? Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba virusi vya tilapia vimeonekana katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Ramani ina mipaka, maji hayana.

Basi namlaumu mfugaji anunuaye vifaranga kwa kuwatazama kwa macho tu, kwani samaki aweza kubeba virusi naye yu mzima machoni. Namlaumu zaidi atupaye mizoga ziwani, akampelekea jirani msiba wake.

Mwingine atasema, "Kama ni hivyo, tuache kula samaki." Hilo ni kosa la pili. Virusi hivyo havijulikani kumdhuru mwanadamu. Haviingii chunguni, huingia mfukoni. Vizimba vikifa, bei hupanda, mama muuzaji huzima moto wake, na mtoto wa Huruma hula ugali bila kitoweo.

Msomaji, samaki walioambukizwa virusi hivyo hawana dawa ya kuwaponya. Kinga ndiyo ngao. Vifaranga na wapimwe kabla ya kuhamishwa, vizimba visisongamane, mizoga ifukiwe mbali na maji. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na ukuta huu, tusipoangalia, tutaujenga kwa fedha ya maskini.