Rasimu ya shabiki: Vital'O ijengwe kuanzia kwenye daftari

Agosti 2024 Vital'O ya Bujumbura ilifungwa na Yanga jumla ya mabao 10 bila jibu katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Manne yaliingia tarehe 17, sita yakaingia tarehe 24. Mechi zote mbili zilichezwa Chamazi, Dar es Salaam, ikiwamo ile iliyohesabiwa kuwa ya nyumbani kwetu. Tangu hapo, popote wanapokaa mashabiki wa timu hii, kuanzia Buyenzi hadi Rumonge na ng'ambo ya mpaka kule Kigoma, mazungumzo huishia kwenye neno moja: usajili. Aletwe mshambuliaji kutoka Congo, aletwe kipa kutoka Kameruni, aletwe kocha mwenye jina.

Mimi ni shabiki wa Vital'O na ni mwalimu. Nimeandika rasimu yangu ya namna ya kuijenga upya timu hii, na jina la mshambuliaji halimo. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbushane tunazungumzia timu ipi, maana wako vijana wanaoijua Vital'O kwa yale mabao 10 tu. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka 12, tukiishi Nyanza-Lac, na redio ya jirani ndiyo iliyokuwa uwanja wetu. Mwaka huo Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Bujumbura ilitoka sare ya 1-1 na Africa Sports ya Ivory Coast, kisha ikafungwa 4-0 Abidjan. Hakuna klabu nyingine ya Burundi iliyofika fainali ya Afrika baada ya hapo. Mwaka uliofuata, 1993, nchi ikaingia vitani, nasi tukavuka kwenda Kigoma. Shule yangu yote iliyobaki niliisomea kambini Kasulu, na huko huko ndiko nilikomwona mtu mzima akilia kwa sababu ya matokeo ya mpira wa Bujumbura, mji ambao hakuwa na uhakika wa kuuona tena.

Timu hii vilevile imetoa watu. Shabani Nonda alipita Vital'O, akapita Yanga, akaenda Afrika Kusini, kisha Uswisi na Ufaransa, na mwaka 2004 alikuwa uwanjani Monaco ilipocheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2013 Vital'O ilitwaa Kombe la Kagame kule Sudan kwa kuifunga APR ya Rwanda 2-0 mjini El Fasher, mashindano ambayo Simba na Yanga hazikwenda kwa hofu ya usalama. Mfungaji bora alikuwa Amissi Tambwe. Hakumaliza mwaka huo nyumbani. Simba walimchukua, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2013/14 kwa mabao 19, akahamia Yanga na kuwa mfungaji bora tena msimu wa 2015/16 kwa mabao 21. Saidi Ntibazonkiza, mwingine aliyepita Vital'O, alifunga mabao 17 akiwa Tanzania msimu wa 2022/23, akalingana na Fiston Mayele kileleni.

Kwa hiyo nisikilize vizuri, ndugu msomaji. Nchi yenye watu hawa haina upungufu wa miguu. Sisi ni wauzaji. Kosa letu ni la muuzaji anayevusha mzigo usiku bila risiti, halafu asubuhi anashangaa kwa nini mfuko ni mtupu. Wafanyabiashara wa Mugina na Kobero wananielewa bila maelezo zaidi.

Binamu yangu alipelekwa Marekani mwaka 2008 pamoja na zile familia za wakimbizi wa 1972, na leo anaishi Dallas. Ni yeye aliyenieleza jinsi Wamarekani wanavyojenga timu zao katika ule mpira wao wa kubeba mkononi. Kila mwaka, tangu 1936, vijana wanaotoka vyuoni hugawanywa kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua. Zamu hiyo inaweza kuuzwa au kubadilishwa kama bidhaa. Mwaka 1989 timu ya Dallas, ambayo msimu huo ilishinda mechi moja tu kati ya 16, ilimtoa nyota wake Herschel Walker kwa Minnesota na kupokea wachezaji kadhaa pamoja na zamu nyingi za kuchagua vijana. Watu walidhani kocha Jimmy Johnson amerukwa na akili. Dallas ikachukua ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Kwetu hakuna zamu ya namna hiyo. Anayeshika mkia hapewi kitu, hushuka daraja. Lakini kiini cha hesabu ya Dallas kinatufaa: timu dhaifu yenye nyota mmoja humbadilisha nyota huyo kwa vijana wengi wakati bado ana thamani, na hukubali misimu miwili ya kuchekwa. Swali ni namna ya kufanya hivyo mahali ambapo nyota huondoka bure.

Jibu limo kwenye kanuni za FIFA, na nashangaa kwamba halizungumzwi vijiweni. Mchezaji aliye ndani ya mkataba anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hulipiwa robo asilimia, na kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 hulipiwa nusu asilimia. Fedha hii hufuata kila uhamisho wa maisha yake ya mpira, hata akiwa na miaka 30. Mbali na hiyo ipo fidia ya malezi. Kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi kabla ya umri wa miaka 23 kupita, klabu inayomchukua inapaswa kulipa miaka aliyofundishwa. FIFA imezipanga klabu kwa madaraja. Klabu ya daraja la nne hailipi fidia hiyo, ila klabu ya Afrika iliyo daraja la tatu huhesabiwa dola 10,000 kwa kila mwaka tangu kijana alipofika 16, na dola 2,000 kwa kila mwaka wa utoto wake. Kijana mmoja aliyefundishwa miaka minne ya ukubwani anaweza kuiletea klabu dola 40,000. Vijana watatu wa namna hiyo ni bajeti ambayo viongozi wengi wa klabu zetu hawajawahi kuishika mkononi.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA, na hesabu yake haifanywi kwa kumbukumbu za wazee. Inafanywa kwa pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki, inayokusanywa kutoka kwenye usajili wa mashirikisho. Mwaka ambao haukuandikwa haupo. Ukimlea mtoto miaka mitano na hukumsajili, mbele ya kompyuta yao hujamlea hata siku moja.

Hapa ndipo ualimu wangu unaponisumbua. Darasani kwangu wako watoto waliozaliwa Nyarugusu na Nduta, wakarudi na wazazi wao miaka ya karibuni. Mmoja ana jina moja kwenye karatasi ya kambi, jina jingine kwenye cheti cha kuzaliwa, na jina la tatu ambalo ndilo wenzake wanamwitia uwanjani. Mwingine umri wake ulipunguzwa miaka miwili ili aingie mashindano ya shule. Wazazi wao walikuwa na mambo makubwa zaidi ya kufikiria, mashamba yao yalikuwa yamekaliwa na watu wengine. Lakini mtoto huyo akifika 17 na mtu akamtaka, klabu iliyomlea haina la kudai, kwa sababu kwenye karatasi huyo ni watu watatu.

Nimemfundisha kijana mmoja, winga wa kushoto, ambaye sitamtaja. Akiwa na miaka 16 alichukuliwa na dalali akavushwa kwenda kuchezea timu moja upande wa pili. Hakuwa na mkataba wala barua ya shirikisho, aliahidiwa posho kila wiki. Aliumia goti mwezi wa nne. Alirudi kwa lifti ya lori la mihogo, na leo anauza mafuta ya mawese mpakani. Timu ile haikuvunja mkataba wowote, kwa kuwa haukuwapo.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu wajue jambo hili. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inawahusu watu wa mipakani hasa: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya kilomita 50 upande wake, mradi abaki akilala kwao na mashirikisho yote mawili yakubali. Dalali anayekwambia kwamba mambo ya karatasi yatashughulikiwa baadaye anakudanganya. Mwulize barua iko wapi.

Rasimu yangu basi inaanza hivi. Vital'O iteue vituo katika tarafa za mpakani na za kando ya ziwa: Nyanza-Lac, Rumonge, Mabanda, Gatumba, na Kobero upande wa kaskazini. Visijengwe vyuo vya kifahari. Kituo ni uwanja wa shule, mwalimu mmoja wa michezo, mipira 20 na daftari. Kazi ya kwanza ya mwalimu huyo, kabla hata ya mazoezi, ni kukaa na mzazi na kunyoosha jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, kisha kumwingiza kwenye usajili wa shirikisho akiwa na miaka 12, chini ya jina la klabu. Gharama yake ni ndogo kuliko tiketi ya ndege ya kipa wa Kameruni.

Baada ya hapo ni mikataba. Kijana akifika umri wa kulipwa asaini miaka mitatu, na asiachwe aingie mwaka wa mwisho bila kuongezewa au kuuzwa. Anayeondoka mkataba ukiwa umekwisha hana ada ya uhamisho, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Tusiwalaumu vijana kwa kutamani Tanzania. Tangu Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga Mei 2023, hata muuza vitunguu anajua kwa nini mtu hupenda kulipwa shilingi. Kumzuia mchezaji ni kujisumbua. Tumuuze mapema, kwa risiti, tena kwa kipengele kinachotupa sehemu akiuzwa mara ya pili.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni tajiri mmoja, kama Simba ilivyofanya. Simba ilimpata Mohammed Dewji na ahadi ya shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa, wanachama wakibaki na 51, na imefika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025. Sipingi matajiri. Ila Simba iliingia kwenye mapatano hayo ikiwa na wanachama wanaojulikana na soko la mamilioni ya watu. Sisi tukimwita tajiri leo atakuta jina na historia, atanunua wachezaji 11, na akichoka ataondoka nao. Afadhali kwanza wanachama: mfanyabiashara wa Mugina anayechangia kidogo kila mwezi kwa Lumicash, na mwenye haki ya kuona hesabu mwisho wa mwaka.

Kuhusu uwanja sina maneno mengi. Haupo mkononi mwa klabu. Timu ya taifa yenyewe iliipokea Kameruni Dar es Salaam mwaka 2022. Mpaka serikali na shirikisho waumalize, klabu ihesabu mechi za Afrika kuwa ni za ugenini zote mbili na ipange bajeti hivyo.

Kikosi chenyewe kitahitaji wakongwe watatu tu: kipa, beki wa kati na kiungo wa kukaba, watu wa kuwatuliza watoto timu ikifungwa mawili kabla ya mapumziko. Wengine wote wawe chini ya miaka 22. Msimu wa kwanza tutafungwa na Aigle Noir ya Makamba, ambayo ilikwisha kuwa bingwa mwaka 2019 bila jina kubwa kama letu, na tutafungwa na wengine. Ubingwa wa 2024, ambao tulikuwa hatujaupata tangu 2016, ulitupeleka Chamazi kabla hatujawa tayari. Kwa misimu miwili nisingeudai. Ningeuliza mwisho wa kila msimu mambo mawili: watoto wangapi wameandikwa, na wangapi wa umri wa miaka 20 wamecheza mechi 15 au zaidi.

Jina la kocha naliachia kamati. Nitakachotaka kuuona ni mkataba wake, kama ni wa miaka mitatu, na kama umesema ni nani mwenye mamlaka ya kumfukuza baada ya mechi mbili mbaya.