Misheni Kongwe: Darasa Tulilolipa Kisogo

Aghalabu safari za vyama vya Kiswahili zinapofika Mombasa huishia Fort Jesus, kisha ufuoni. Nani huelekea Mwakirunge? Jina hilo likitajwa, wengi hukumbuka jaa la taka tu. Ilhali kutoka hapo si mbali kuzifikia misheni mbili kongwe ambazo kila msomi wa Kiswahili angepaswa kuzizuru: Frere Town, na Rabai, upande wa bara.

Wapo watakaouliza: makanisa ya kale yatatufaa nini sisi wanafunzi wa lugha? Yatatufaa pakubwa. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka wa 1844. Miaka miwili baadaye, yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni ya Rabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1850, na kamusi yake mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Kamusi hiyo iliyojikita katika Kimvita ni hazina kwa mtafiti wa lahaja hadi leo. Frere Town nayo iliasisiwa katika miaka ya 1870 ili kuwapokea watumwa waliokombolewa. Kengele yake ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina. Mtafiti wa majina ya mahali atake nini tena?

Sikatai kwamba wamishonari walikuja na malengo yao, wala kwamba majalada ya vitabu hivyo yana majina ya Wazungu pekee. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kwenda. Krapf hakuzaliwa akijua Kiswahili. Alifunzwa na wenyeji. Anayesimama Rabai, jirani na kaya ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka wa 2008 miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda, hutambua kwamba nyuma ya kila kidahizo palikuwa na mtu aliyesema na mwingine akaandika. Darasani tunakariri tarehe za kuchapishwa. Pale tunajiuliza msemaji alikuwa nani.

Kuzuru si kuabudu, wala si kumtukuza mgeni. Ni kudai sehemu yetu katika historia ya lugha yetu. Basi, safari ijayo ya chama ianzie Kengeleni, ipitie Mwakirunge, iishie Rabai, na kila msafiri abebe daftari. Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa.