Kompyuta Husema, Tatizo Ni Kwamba Hatuisikilizi

Muhula uliopita nilialikwa na mwalimu mmoja wa shule ya upili, katika eneo la Magharibi, niwazungumzie wanafunzi wake kuhusu lugha na teknolojia. Nilitoka Kitale alfajiri, nikashika barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha nikaelekea Bungoma. Mhadhara wangu nilikuwa nimeuandaa barabara. Lakini nilipoingia katika chumba cha kompyuta, macho yangu yalivutwa na vipakatalishi sita vilivyorundikwa pembeni. Juu yake palibandikwa karatasi yenye neno moja tu: "Vibovu."

Niliuliza ubovu wenyewe ni upi. Nikajibiwa kwamba "mtandao umekataa." Mashine hizo zilitumia Linux, mfumo ambao Linus Torvalds alianza kuuunda mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, na ambao mtu yeyote anaweza kuupata bila malipo. Shule ilikuwa mbioni kununua vipakatalishi vingine, na fedha zenyewe zingetoka kwa wazazi wanaotegemea mahindi na miwa.

Mimi si fundi. Mimi ni mwalimu wa isimu. Hata hivyo, kazi ya mwanaisimu ni kusikiliza kinachosemwa kabla ya kukitolea hukumu. Niliuacha mhadhara wangu, tukakiweka kipakatalishi kimoja mezani, tukachomeka kebo ya mtandao, tukafungua dirisha la amri na kuandika maneno mawili: ip link. Kompyuta ikajibu papo hapo. Ilitaja kwanza lo, yaani njia ambayo mashine huitumia kujisemesha yenyewe, kisha ikataja enp3s0, jina la kadi inayopokea kebo. Kando ya jina hilo palikuwa na maneno NO-CARRIER.

"Mwalimu, inasema haina keria!" kijana mmoja alipaza sauti. Darasa likaangua kicheko. Nani pale Bungoma asiyejua keria, kile chuma cha nyuma ya baiskeli anapoketi abiria au linapofungwa gunia la mahindi?

Mimi sikucheka, kwa sababu kijana yule alikuwa amelenga shabaha. Neno ni lile lile, na maana haziko mbali. Kadi ilikuwa ikituambia kwamba iko macho na imejiandaa, ila ule mkondo wa umeme unaobeba ujumbe kutoka upande wa pili wa kebo hauifikii. Baiskeli ipo, keria haipo, basi mzigo hauwezi kwenda. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa ndani ya kipakatalishi. Ulipaswa kutafutwa katika kebo, katika kichwa chake cha plastiki, au katika swichi iliyo ukutani.

Tuliazima kebo nzima kutoka ofisini. Taa ndogo kando ya tundu ikawaka, na yale maneno NO-CARRIER yakatoweka. Kebo ya zamani ilikuwa imekanyagwa na miguu ya viti hadi baadhi ya nyaya zake nane zikakatika ndani kwa ndani. Vipakatalishi vinne kati ya sita vilipona kwa njia hiyo. Cha tano hakikuitaja kadi yake katika orodha ile, lakini amri lspci -k ilionyesha kwamba kadi ipo, ila haina kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kuelewana na mfumo. Dawa yake ni kukiweka kiendeshi hicho. Cha sita tu ndicho ambacho kadi yake haikuonekana popote, hata tulipohakikisha kwamba haikuzimwa katika mipangilio ya mwanzo ya mashine. Hicho kimoja kiliistahili ile karatasi, na hata hicho kinaweza kusaidiwa kwa kadi ya nje inayochomekwa katika tundu la USB.

Usitupe mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Hapa mbachao ulikaribia kutupwa kwa sababu ya kebo!

Simlaumu mwalimu wa shule ile. Wanafunzi wake waliweza kunitajia maana ya "kadi ya mtandao" kwa Kiingereza sanifu, neno kwa neno, jinsi walivyoikariri kwa ajili ya mtihani. Wasichoweza ni kuihoji. Hawakuwahi kuketi na kujadiliana, katika lugha wanayoitumia kubishana uwanjani, maana ya maneno ambayo mashine huyaandika inapokwama.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbona basi tunakiacha mlangoni tunapoingia katika chumba cha kompyuta? Wapo watakaodai kwamba hakina istilahi. Nao wakumbuke kwamba mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Uwezo upo. Kosa ni letu sisi wataalamu, nami nimo. Tumetumia vikao chungu nzima kubishania kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku mwanafunzi akisubiri mtu wa kumweleza kilichomo ndani yake.

Sipendekezi kwamba amri zenyewe zitafsiriwe. NO-CARRIER ibaki vivyo hivyo, ili mwanafunzi wa Kitale aelewane na mwenzake wa Helsinki. Ninachotaka ni ufafanuzi utolewe kwa Kiswahili, na uchunguzi ufuate maswali yenye mpango. Je, kadi inaonekana? Je, ina kiendeshi? Je, imeamshwa? Je, inapata mkondo kutoka kwenye kebo? Je, imepewa anwani? Anwani inayoanza kwa 169.254, kwa mfano, aghalabu huwa ni ile ambayo mashine imejipa yenyewe baada ya kukosa ya kupewa. Maswali matano haya yanatosha karatasi moja ukutani, mahali pa ile ya "Vibovu."

Wazee walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa heshima zote, katika hili sisi walimu hatuna budi kuwapinga. Asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa, na yule kijana wa keria alikuwa ameshaanza kuitafuta mwenyewe wakati wenzake wakimcheka.