Chawa wa Anga



Mtoto wa shule apatapo jibu sawa katika hesabu hufurahi, akafunga daftari lake upesi. Lakini sisi tuliozoea kusahihisha madaftari twajua ya kuwa jibu moja sawa laweza kuificha njia iliyo mbaya. Juma hili twawasimulia habari ya ndege iliyowafunza watu jambo hilo kwa gharama kubwa.

Huko Ufaransa alikuwako mtu jina lake Henri Mignet, aliyezaliwa mwaka wa 1893. Alitamani sana kuruka, lakini ndege za kawaida zilimpa taabu kuziongoza, kwa kuwa zamtaka rubani atumie mikono na miguu pamoja. Akaazimu kubuni ndege nyepesi, ya bei ndogo, ambayo mtu yeyote ajuaye kupigilia misumari katika sanduku ataweza kujiundia nyumbani kwake. Akajaribu miaka mingi. Mchoro uliompa sifa ulikuwa wa 14. Ndege hiyo ilikuwa ya mbao, gundi na kitambaa, na mashine yake ilikuwa na nguvu za farasi 17 tu. Ilikuwa na bawa moja mbele, na la pili nyuma yake, karibu sana. Kanyagio hapakuwa: fimbo moja ilitosha. Rubani akiivuta, bawa la mbele huinama kwa nyuma na ndege ikapanda. Akiisukuma upande, usukani wa mkiani hugeuka.

Tarehe 10 Septemba 1933, mahali pa faragha karibu na mji wa Soissons, ndege hiyo iliiacha ardhi kwa mara ya kwanza, mwenyewe akiiongoza. Aliiita «Pou-du-Ciel», yaani Chawa wa Anga. Mwaka wa 1934 alitoa kitabu chenye vipimo vyake vyote, na mwezi wa Agosti 1935 akavuka nayo bahari iliyo kati ya Ufaransa na Uingereza. Basi hamu ikawashika watu. Wasiokuwa mafundi wa ndege walianza kuranda mbao nyumbani mwao. Wengine wakanunua vipande vilivyokwisha kukatwa, wakaviunganisha.

Kisha misiba ikafuata. Ndege kadhaa zilielekeza pua chini zisiinuke tena, na marubani wakafa. Mwaka wa 1936 wataalamu wa Ufaransa na wa Uingereza waliiweka ndege nzima katika chumba kikubwa cha upepo, wakaipima. Kumbe! Ndege ikiinamisha pua sana, rubani naye akavuta fimbo ili ajiokoe, upepo upitao kati ya mabawa mawili huliinua lile la nyuma kupita la mbele. Mkia hupanda, na pua hushuka zaidi. Tendo lile lile lililomwokoa kila siku ndilo lililomwangamiza.

Hatumdharau Mignet. Hakuwa mdanganyifu, aliirusha mwenyewe kabla ya kuwapa wengine. Lakini kosa lilijificha mahali ambapo safari za amani hazikufika. Baadaye aliyarekebisha mabawa yake, na ndege za ukoo huo zaruka hata leo.

Siku hizi watu wengi hununua ndege ikiwa vipande katika masanduku, wakaiunda wenyewe. Mafundi wenye busara huipima uzito kwanza, huiendesha chini uwanjani, kisha rubani huirusha peke yake. Huko Marekani, hata ikiisha kuruka vema, ndege ya namna hiyo huwekewa muda wa majaribio, mara nyingi saa 25 au 40, kabla ya kumchukua abiria. Siku ya kuruka mara ya kwanza, jamaa hupiga makofi. Fundi mwenyewe huchukua daftari na kuandika yale aliyoyaona.

Nanyi vijana wetu, mnaojifunza useremala, udereva au ualimu, shikeni neno hili. Kazi ikifanikiwa mara moja, shukuruni, lakini msiseme imekwisha. Iulizeni tena: je, siku ya upepo mbaya itakuwaje? Afadhali kosa lionekane kiti kile cha pili kikiwa kitupu, kuliko lionekane siku mtoto wa mwenzako amekikalia.