Kicheko cha Kashasha 1962: Ulikuwa Ugonjwa wa Ubongo au Hofu?

Haya wadau wa Bukoba, Muleba na ninyi mlioko mbali na nyumbani, leo tuongee kuhusu kile kicheko cha Kashasha. Stori hii kila ikirudi inarudi imenenepa. Kuna wanaosema eti mabinti walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Wengine wanasema ni uchawi. Na wapo wanaoichanganya na kuru, ugonjwa wa ubongo wa kule Papua New Guinea ambao magazeti ya Wazungu yaliuita "kifo cha kicheko". Majina yanafanana, lakini magonjwa hayafanani hata kidogo.

Tuanze na kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili ya Uhuru haijaisha, wanafunzi 3 wa shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha walianza kucheka. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, walishaugua 95 kati ya 159. Wakarudishwa makwao, na balaa likaenda nao. Nshamba waliugua watu 217 kati ya Aprili na Mei. Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, wakaugua wasichana 48. Walicheka, walilia, walikimbia ovyo, wengine wakisema kuna mtu anawafukuza. Mgonjwa alikaa na hali hiyo saa chache hadi siku 16, ikija na kuondoka. Hakufa hata mmoja, na walimu wa Kashasha hawakuugua.

Sasa kuru. Iliwashika watu wa kabila la Fore, hasa wanawake na watoto, kwa sababu katika mazishi walikula miili ya ndugu zao, ubongo ukiwemo. Mgonjwa alianza kuyumba, akatetemeka, akacheka bila sababu, akashindwa kusimama, na kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja alikuwa amekufa. Ubongo wake ulijaa vitundu kama sponji. Chanzo si virusi wala bakteria, ni prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya na kuharibu zenzake. Waliokufa walizidi 2,500. Mila ile ilipigwa marufuku miaka ya 1950, lakini wengine waliugua zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kwa hiyo tofauti ni hii: kuru inamla mtu polepole na hairudi nyuma. Kashasha watu walipona. Lakini tunajuaje? Kwa sababu walipimwa! Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu na maji ya uti wa mgongo, wakafikiria na sumu ya chakula. Walipokosa kitu ndipo wakaandika mwaka 1963 kwamba ni histeria ya umati iliyosambaa kutoka mtu hadi mtu. Walipima kwanza, jina likafuata.

Sisi tunafanya kinyume. Binti akianguka shuleni, ni mapepo. Bibi akianza kusahau, kuyumba na kuropoka usiku, anaitwa mchawi, na Kanda ya Ziwa tunajua jina hilo limeua wazee wangapi. Jamani, ndugu wa kuru wapo duniani kote. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob unapata mtu 1 hadi 2 katika kila milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Piga hesabu mwenyewe.

Najua mtu atauliza: kama hauna tiba, kupima kwa nini? Ni kwa sababu yapo mengine yanayofanana nao na yana dawa: kaswende iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, vifuko vya lava wa tegu kwenye ubongo. Na hata lisilo na dawa, bibi atakufa akiwa mgonjwa mikononi mwa wajukuu, si mchawi mikononi mwa wenye mapanga.

Mwaka 2023 watu walipokufa ghafla Bukoba vijijini, sampuli zilienda maabara, na tarehe 21 Machi ikatangazwa kuwa ni Marburg. Waliugua 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Kipimo ndicho kilichotuokoa.

Yule bibi wa jirani naye ana haki hiyo hiyo. Nawakilisha.