Asingeshinda Hata Hivyo

Saluni ninayonyolewa ina kiti kimoja cha kunyolea na benchi moja refu la kusubiria. Kwenye benchi hilo Muhammad Ali na Mike Tyson wameshapigana mara zisizohesabika. Jumamosi iliyopita walipigana tena. Kijana mmoja wa bodaboda alisema Tyson wa 1988, yule aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, angemlaza Ali kabla watu hawajakaa vizuri. Mzee mmoja akamjibu kwamba Ali angemzungusha mpaka raundi ya nane, halafu Tyson angeanza kutafuta mlango. Kinyozi akazima mashine nikiwa nimenyolewa upande mmoja, akatuonyesha jinsi mkono wa kushoto wa Ali ulivyokuwa ukichomoka. Nilicheka kama wengine.

Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoandika makala haya. Swali la "nani angeshinda" limetulevya. Tumelizoea kiasi kwamba tunaliuliza hata pale ambapo swali la haki ni jingine kabisa: nani alizuia pambano lisifanyike?

Mapambano ambayo hayakufanyika yako ya aina mbili. Aina ya kwanza yamezuiwa na kalenda. Tyson alikuwa mtoto wakati Ali akiwa bingwa. Hakuna wa kulaumiwa. Bishaneni mpaka saluni ifungwe. Aina ya pili yamezuiwa na watu, watu wenye majina, waliokaa mezani wakiwa na kalamu. Hayo hayazungumzwi kwenye benchi. Na pale yanapozungumzwa, tunayageuza haraka yawe ya aina ya kwanza, ili tubaki na burudani tusibaki na lawama.

Mfano ninaoupenda na kuuchukia kwa wakati mmoja ni wa mwaka 1969. Mtayarishaji wa vipindi wa Miami, Murray Woroner, alimwingiza Ali studio pamoja na Rocky Marciano, bingwa aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49. Marciano alipunguza kilo, akavaa nywele za bandia. Wakaigiza raundi nyingi fupi na miisho kadhaa tofauti, kisha kompyuta, iliyolishwa takwimu zao, ikaachiwa kuamua. Marciano hakuuona mwisho; alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969. Filamu ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema Januari 1970. Mashine ilisema Marciano, kwa KO, raundi ya 13.

Watu wakabishana juu ya mashine. Wengi hawakubishana juu ya jambo lililokuwa mbele ya macho yao: mwezi ule Ali alikuwa hai, ana miaka 28, na alikuwa amezuiwa kupigana. Alivuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam, na tume za ngumi zikamnyima leseni. Hakurudi ulingoni mpaka Oktoba 1970, Atlanta. Kwa hiyo Marekani ilimfungia mtu mlango, kisha ikakata tiketi kwenda kutazama kivuli chake kikipigwa. Swali la "angeshinda?" lilijaza kumbi. Swali la "mbona hapigani?" halikuuzwa popote.

Hata hivyo Ali alirudi. Harry Wills hakupata hata mlango wa kurudia.

Kama jina hilo hulijui, usijilaumu; kutojulikana kwake ni sehemu ya kesi. Wills alizaliwa New Orleans mwaka 1889. Alikuwa mrefu, mzito, na kwa miaka kadhaa alishikilia ubingwa wa dunia wa uzito wa juu "wa watu Weusi". Soma tena maneno hayo. Palikuwa na mabingwa wawili wa dunia moja, mmoja kwa kila rangi, na wa upande wa pili hakuruhusiwa kugusa mkanda wa kweli. Kwa kuwa milango mingine ilifungwa, mabondia Weusi walipigana wao kwa wao mpaka wakachoka: Wills na Sam Langford walikutana zaidi ya mara 15. Hebu fikiria kurudia mtihani uleule kila mwaka, na mwenzako yuleyule, bila cheti.

Upande wa pili alikuwa Jack Dempsey. Aliutwaa ubingwa tarehe 4 Julai 1919, Toledo, kwa kumwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza. Mara tu baada ya ushindi akatangaza kwamba hatatoa nafasi kwa wapinzani Weusi. Baadaye alisema yuko tayari. Mwaka 1922 pande mbili zilitia saini makubaliano ambayo hayakuwa na tarehe wala uwanja. Mwaka 1924 pambano lilitangazwa, hata tiketi zikachapishwa, halafu kimya. Mwaka 1925 ukasainiwa mkataba mwingine; hundi ya malipo ya awali ya Dempsey ilipopelekwa benki, akaunti haikuwa na fedha. Dempsey alikuwa bingwa kwa miaka saba na katika miaka hiyo alitetea mkanda mara tano tu kabla ya kukutana na Gene Tunney. Kati ya Septemba 1923 na Septemba 1926 hakuutetea hata mara moja.

Tume ya ngumi ya New York ilisema wazi: Wills kwanza. Promota Tex Rickard akalihamishia pambano la Tunney Philadelphia. Tarehe 23 Septemba 1926 watu zaidi ya 120,000 walikaa kwenye mvua wakamwona Dempsey akipoteza kwa pointi. Wiki tatu baadaye, akiwa na miaka 37, Wills alipigana na Jack Sharkey huko Brooklyn, akawa anapigwa mpaka alipoondolewa kwa kucheza rafu raundi ya 13. Hapo wataalamu wakapumua. Mmeona? Asingeshinda hata hivyo.

Sentensi hiyo ndiyo adui yangu leo. Iangalieni inavyofanya kazi. Kwanza unamzuia mtu akiwa na miaka 30. Unamngojesha miaka saba. Anazeeka, kwa sababu watu huzeeka. Kisha unachukua uzee wake, ambao wewe ndiye uliyeusubiri, unautumia kama ushahidi kwamba ulikuwa na haki ya kumzuia. Mwizi anakuonyesha mfuko wako mtupu kuthibitisha kwamba hukuwa na kitu.

Nimeshazisikia hoja za utetezi, na sitaki kuzikimbia. Ya kwanza ni usalama. Jack Johnson, bingwa wa kwanza Mweusi wa uzito wa juu, alipompiga Jim Jeffries huko Reno tarehe 4 Julai 1910, Wazungu wenye hasira walivamia watu Weusi katika miji mingi na watu wakauawa. Rickard alikuwa promota wa pambano lile na refa wake. Hofu yake haikuwa ya kubuni. Lakini tazameni nani alitozwa gharama ya hofu hiyo. Waliofanya fujo hawakuzuiwa kuingia uwanjani. Aliyezuiwa ni Wills, ambaye hakumrushia mtu jiwe.

Hoja ya pili ni fedha: eti watu wasingelipa. Dempsey alipopigana na Mfaransa Georges Carpentier mwaka 1921, mtu mwepesi kuliko yeye kwa kilo kadhaa, mapato ya mlangoni yalivuka dola milioni moja kwa mara ya kwanza katika historia ya ngumi. Watu waliolipa kuona pambano lisilolingana wangekosaje kulipa kuona lililolingana? Na Luis Firpo, aliyemtoa Dempsey nje ya kamba mwaka 1923, mwaka uliofuata alipigana na Wills na akaangushwa naye.

Hoja ya tatu inauma zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Johnson mwenyewe, alipokuwa bingwa, hakumpa Sam Langford nafasi ya marudio. Alishamshinda mwaka 1906, kabla ya ubingwa, na baada ya kuupata akaona faida iko kwa Wazungu. Langford alizeeka, akawa kipofu, na mwaka 1944 mwandishi mmoja wa habari alimkuta Harlem akiishi katika chumba kimoja, hana kitu. Kwa hiyo aliyefungiwa mlango anaweza naye kuufunga akishaingia. Hilo halimtakasi Dempsey. Linatuonya sisi wengine.

Sasa turudi karibu na kwetu, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Wazee wetu wana kumbukumbu ya usiku ule hata wale ambao hawakuwa na redio. Chukueni pambano lile, mlifute. Tuseme mtu fulani alilizuia. Leo tungekuwa na uhakika gani? George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita katika raundi mbili. Ken Norton naye alimmaliza raundi ya pili. Frazier na Norton wote walikuwa wamempiga Ali. Ilisheni kompyuta yoyote takwimu hizo: Foreman, mapema. Kijana wa bodaboda angeapa. Mzee angekubali kwa uchungu. Na Ali, aliyeegemea kamba mpaka Foreman akachoka na kumlaza raundi ya nane, angebaki kwenye vitabu kama mtu ambaye asingeshinda hata hivyo. Ndiyo maana mapambano hufanywa. Kama takwimu zingetosha, tusingehitaji ulingo.

Nimefika mahali nilipokuwa nakwepa.

Dada yangu ananizidi miaka miwili. Alimaliza darasa la saba mwaka 2003, akachaguliwa kwenda sekondari. Nakumbuka jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani shuleni, nakumbuka alivyoligusa kwa kidole. Nyumbani tukaambiwa fedha ya ada, sare, godoro na michango haipo. Asubiri mwaka mmoja. Mwaka ukapita akiwa kwenye cherehani ya shangazi. Mwaka 2005 nilichaguliwa mimi. Fedha ikapatikana. Sikuuliza imetoka wapi. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na sanduku jipya la bati lenye kufuli.

Nimesoma mpaka chuo kikuu. Yeye ni fundi cherehani, tena fundi mzuri; ana wateja, ana watoto, hahitaji huruma yenu. Sikukuu iliyopita tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, mjomba akaanza kunisifu kwa elimu yangu. Mtu mmoja akataja, kwa utani, kwamba dada naye alichaguliwa. Mjomba akatikisa mkono kama anafukuza nzi. "Aah, yule asingefika mbali hata hivyo. Hisabati ilikuwa inamshinda."

Dada alikuwa anagawa pilau. Alimwekea mjomba nyama, akaendelea na sahani iliyofuata. Mimi, mwenye shahada, mwenye maneno, nilikula.

Basi nisijifanye Harry Wills katika makala haya. Mimi ndiye Dempsey wa nyumbani kwetu. Sikuufunga mlango, lakini niliupitia, na kwa miaka karibu 20 nimeacha watu wabishane kama dada angefaulu hisabati ya kidato cha pili. Inawezekana Dempsey alikuwa tayari kupigana. Mwenyewe alisema hivyo mpaka uzeeni, akawatupia lawama mapromota na wanasiasa. Labda ni kweli. Lakini mkanda ulikuwa kiunoni mwake. Angeweza kusema: sipigani na mwingine yeyote mpaka yule. Hakusema. Nami nilikuwa na kinywa pale kwenye mkeka.

Baada ya Johnson kupoteza ubingwa Havana mwaka 1915, hakuna mtu Mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea mpaka Joe Louis alipoutwaa Chicago mwaka 1937. Miaka 22. Mabondia wakazaliwa, wakakua, wakazeeka ndani ya miaka hiyo, na hatutajua walikuwa na nini mikononi. Watu wakituambia kwamba wasingeshinda hata hivyo, tusiwajibu kwa takwimu za Wills, maana hapo tumeshakubali kucheza mchezo wao. Haki ya kupanda ulingoni haitegemei kushinda. Dada yangu alikuwa na haki ya kufeli hisabati ya kidato cha pili akiwa amevaa sare.

Jumamosi ijayo nitarudi saluni, na wataanza tena. Nitawaacha Ali na Tyson wapigane, hao hawana kesi na mtu. Ila mwisho wa mwezi nakwenda nyumbani. Baba yupo, kumbukumbu yake ni nzuri, na mjomba huwa anapita jioni kunywa kahawa. Nitamngoja mjomba akae, dada naye akiwepo. Kisha nitamuuliza baba, kwa heshima zote, ile fedha ya mwaka 2005 ilitoka wapi, na mwaka 2003 ilikuwa wapi.